Macho Mekundu: Wekundu Ni Dalili ya Vita, Si Adui Mwenyewe

Mwezi Januari 2024 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa wa macho mekundu umezuka Dar es Salaam, na kwamba unaletwa na virusi. Huku kwetu Msasani ugonjwa wa namna hii haupati shida kuenea. Nyumba nyingi ni za kupanga, bomba ni moja kwa wapangaji wote, watoto hulala kitanda kimoja, na mkono uliopokea chenji kwa konda ndio huo huo unaofikicha jicho.

Kila ugonjwa huu unapozuka, swali la kwanza huwa: “Ni dawa gani itauondoa wekundu huu upesi?” Katika ukurasa huu tunapenda tulitazame swali hilo kwa makini. Wekundu ni dalili kwamba walinzi wa mwili wameamka. Anayeuondoa bila kujua kilichouleta, huenda anawafukuza walinzi na kumwachia mwizi nyumba.

Ulinzi wa kwanza

Jicho halikuachwa wazi bila mlinzi. Kope hupepesa kila mara na kufagia vumbi na vijidudu. Machozi huviosha na kuviteremsha puani. Tena machozi si maji matupu: yana chumvi, yana kimeng’enya kinachovunja kuta za bakteria, na yana kingamwili zinazovinasa virusi kabla havijashika mahali. Ndiyo maana si kila anayeguswa na virusi huugua.

Lakini kidole kilichobeba virusi vingi kikifikicha jicho, ulinzi huo huweza kuzidiwa.

Virusi vinapoingia

Milipuko ya macho mekundu huletwa hasa na makundi mawili ya virusi: adenovirusi na enterovirusi. Jamii ya enterovirusi ndiyo iliyozusha mlipuko mkubwa nchini Ghana mwaka 1969. Kwa kuwa mwaka huo chombo cha Apollo 11 kilitua mwezini, watu wakauita ugonjwa wa Apollo.

Virusi haviwezi kuzaana peke yake. Huingia ndani ya seli, yaani chembe hai zilizoujenga mwili, katika utando mwembamba unaofunika sehemu nyeupe ya jicho. Huko huilazimisha seli kutengeneza virusi vingine vingi. Seli iliyovamiwa haikai kimya. Hutoa kemikali iitwayo interferoni, iliyogunduliwa mjini London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Kazi yake ni kama ya mbiu ya mgambo: seli za jirani zikiipata, hufunga milango na kujiandaa.

Kemikali nyingine huiamuru mishipa midogo ya damu ipanuke, ili chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, zifike kwa wingi. Mishipa ikipanuka, jicho huwa jekundu. Maji ya damu yakivuja, kope huvimba. Machozi huongezeka ili kuosha uwanja wa vita. Tongotongo za asubuhi zina ute, seli zilizokufa na askari waliokufa kazini.

Askari wenye kumbukumbu

Askari wa kwanza hupiga adui yeyote bila kumchagua. Wakati huo huo mwili huandaa askari maalumu wanaomjua adui huyu peke yake. Mafunzo yao hufanyika katika tezi. Mgonjwa akipapasa mbele kidogo ya sikio, upande wa jicho linaloumwa, mara nyingi atakuta kivimbe kidogo chenye maumivu. Hiyo ni tezi iliyo kazini.

Mafunzo hayo huchukua siku kadhaa, hata wiki nzima. Kisha kingamwili mpya huvinasa virusi, na chembe nyeupe maalumu huziua seli zilizotekwa. Hapo mgonjwa huanza kupona. Kwa enterovirusi huchukua kama wiki moja. Kwa adenovirusi huweza kufika wiki mbili au tatu. Basi aliyetia dawa siku ya tano akapona siku ya nane, asiisifu dawa haraka. Yawezekana ni kinga yake ndiyo iliyomaliza kazi.

Askari hao hubaki na kumbukumbu ya adui. Je, kwa nini basi mtu huugua tena? Kwa sababu aina za adenovirusi zinazidi 50, na kumjua mmoja si kuwajua wote.

Kioo kisichotaka fujo

Mbele ya mboni kuna konea, kioo safi kinachopitisha mwanga. Haina mishipa ya damu, na kwa hiyo huwa angavu. Kinga ya mwili huenda hapo kwa tahadhari, maana vita vikali huacha kovu, na kovu kwenye konea ni kama rangi iliyomwagika juu ya kioo cha dirisha. Baada ya adenovirusi, wengine huona ukungu kwa wiki au miezi, kwa kuwa chembe nyeupe zimejikusanya ndani ya konea kufuata mabaki ya virusi. Kwa wengi ukungu huo huisha polepole.

Dawa zinazoumiza

Kwanza, antibaiotiki huua bakteria, haziui virusi. Pili, katika kila mlipuko watu hutia machoni chai ya rangi, chumvi, tangawizi, maziwa ya mama au utomvu wa majani. Vitu hivi huweza kuunguza konea au kuingiza vijidudu vipya, na Wizara ilionya dhidi ya dawa zisizo rasmi za namna hiyo.

Tatu, na hili ndilo la hatari kuliko yote, ni matone yenye steroidi, kama deksamethasoni. Hayo huondoa wekundu upesi na kumfurahisha mgonjwa. Lakini huondoa wekundu kwa kuwalaza askari. Kama jicho lina virusi vya hepesi, vile viletavyo malengelenge ya mdomoni, kidonda huweza kutambaa konea nzima, na jicho likapotea. Daktari wa macho huweza kuyatoa akishachunguza, lakini si dawa ya kujinunulia au kuazimana na jirani.

Watoto na surua

Virusi vya surua navyo huingia machoni. Mwaka 1987 wataalamu Allen Foster na Alfred Sommer walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda vya konea. Kati ya kila 100, watoto 37 walikuwa wametoka kuugua surua. Upungufu wa vitamini A, hepesi na dawa za kienyeji vilikuwa sababu nyingine kubwa. Mtoto asiye na vitamini A ya kutosha ana konea dhaifu na kinga dhaifu. Surua ikimkuta, huweza kumpofusha macho yote mawili.

Wazazi, msikose chanjo ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18, wala matone ya vitamini A yanayotolewa mara mbili kwa mwaka hadi mtoto atimize miaka 5. Mchicha, matembele, papai, maembe, maini na dagaa vipatikane nyumbani.

Tufanye nini?

1. Tunawe mikono mara kwa mara kwa sabuni na maji yanayotiririka. Virusi hivi ni sugu, na vitakasa mikono vya spiriti haviviui kwa uhakika.

2. Mgonjwa awe na taulo, mto na kitambaa chake. Asifikiche macho. Ajifute kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi ya baridi.

3. Abaki nyumbani, asiende shuleni wala kazini, wakati jicho linatoa machozi na tongotongo. Jumapili, amani huweza kutolewa kwa kuinamisha kichwa badala ya kushikana mikono.

4. Aende kwa daktari bila kukawia ikiwa jicho linauma sana, mwanga unamchoma, uoni umepungua, kuna doa jeupe kwenye konea, au hapati nafuu baada ya wiki moja. Vivyo hivyo kwa mtoto mchanga, na kwa mwenye malengelenge ya mkanda wa jeshi kwenye paji la uso. Huyu wa mwisho, hasa akiwa kijana, apime pia VVU, kwani mkanda wa jeshi hujitokeza kinga inapopungua.

Wa Msasani tunayo hospitali ya CCBRT karibu; wa Kinondoni waanzie Mwananyamala, na wa Temeke hospitali yao ya Temeke. Nauli ya kwenda huko ni ndogo kuliko thamani ya jicho moja.