Anashtuka Baruti Ikilipuka: Je, Anasikia?

Mama, baruti ikilipuka mgodini na mtoto akaruka kitandani, usiseme bado, "Huyu anasikia." Mlipuko hutikisa ardhi, kitanda na mwili. Hata asiyesikia kabisa hushtuka. Lori la shaba likipita barabara ya Likasi, ni vilevile. Mzazi wa Kolwezi hudanganyika hivyo mpaka mtoto atimize miaka miwili bila neno, na bibi bado anasema, "Hata baba yake alichelewa."

Katika watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hadi watatu huwa na shida ya kudumu ya kusikia, na kwa macho haionekani. Kipimo chenyewe ni chepesi. Mtoto akiwa usingizini, muuguzi humtia kizibo laini sikioni; mashine hutoa sauti ndogo, nalo sikio zima huirudishia mwangwi. Hakuna sindano wala damu. Sikio lisipojibu mara ya kwanza, msilie: pengine limezibwa na ute wa kuzaliwa. Mrudisheni apimwe tena.

Apimwe kabla ya mwezi 1, ukweli ujulikane kabla ya miezi 3, msaada uanze kabla ya miezi 6. Wasicheleweshwe hasa waliozaliwa njiti, waliopata manjano makali au homa ya uti wa mgongo, na waliochomwa sindano za gentamisini. Kama matenite yenu haina mashine, ombeni barua ya kwenda kwa munganga wa masikio, hata ikiwa ni Lubumbashi. Kilomita 300 hivi zinauma mfukoni, tunajua.

Akikutwa hasikii, hakuna aliyemroga, na kosa si la mama. Mafuta ya moto sikioni hayaponyi, yanaunguza. Kifaa cha kusikia humsaidia mtoto ambaye bado anasikia kidogo, lakini ni ghali na kinakula betri. Lugha ya alama haingoji betri: jifunzeni nyumba nzima, baba naye akitoka zamu. Mtoto ajue kusema "nina njaa", "naumwa", "nimeota". Akifika umri wa shule, aandikishwe. Sheria ya Kongo ya Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, na shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019.

Siku ya kupima kilo, kabla hujaondoka, mwambie muuguzi: "Na masikio yake je?"