Nani Alizihesabu Kanda za Southall?

Tangu albamu ya Punjabi Disco ya mwimbaji Mohinder Kaur Bhamra itolewe upya mwaka 2025, barua zenu kuhusu albamu na namna ya kuzinadi hazikatiki. Zile zinazouliza jinsi ya kupandisha wimbo mtandaoni nimeziweka kando. Mtoto yeyote wa shule atakuonyesha. Nimechagua zinazoniudhi, na mbili tatu zinazonitia wasiwasi.

Barua tano zenye swali moja: Kama muziki wa Kipunjabi wa bhangra wa Southall ulikuwa mkubwa hivyo miaka ya themanini, mbona haukuonekana kwenye chati ya Uingereza? Si ina maana haukuuza?

Hapana. Kosa hili limezeeka na bado linatembea bila mkongojo. Chati haikuwa daftari la kila kilichouzwa nchini. Ilikuwa hesabu ya maduka yaliyochaguliwa kuhesabiwa. Kuanzia 1969 kampuni ya BMRB ilikusanya madaftari ya mauzo kutoka maduka kadhaa ya santuri. Januari 1983 kazi hiyo ikaenda kwa Gallup, iliyoweka mashine kwenye kaunta za maduka na kuchukua takwimu kwa njia ya simu. Sasa jiulize mashine hizo ziliwekwa wapi. Kanda za Alaap, kundi lililoanzishwa hapahapa Southall, magharibi mwa London, mwaka 1977 likiongozwa na Channi Singh, hazikutegemea maduka ya santuri ya katikati ya mji. Ziliuzwa kwenye maduka ya vitambaa na ya vyakula, kanda zimepangwa karibu na magunia ya unga na maboksi ya maembe, kwa bei ambayo mama aliyekuja kununua dengu hakuona shida kuiongeza kwenye hesabu yake. Pale hapakuwa na mashine ya Gallup. Mtu aliyenunua kanda barabara ya South Road, Southall, kwa macho ya chati, hakununua kitu.

Mmoja wenu anapinga, na pingamizi lake lina uzito: wauzaji wa kanda nao walitia chumvi, kila mmoja akidai ameuza maelfu kwa maelfu. Ni kweli, na ndiyo maana sitaki kurudia takwimu zao hapa. Lakini angalia nani alifaidika na ukosefu wa hesabu. Muuzaji asiye na daftari ana uhuru wa kutoa hesabu mbili, kubwa kwa mteja ili kanda ionekane moto, ndogo kwa mwimbaji ili malipo yawe madogo. Ongeza kanda za kudurufu, ambazo hata mwenye lebo hakujua zimefika wapi. Kwa hiyo mwimbaji alipotea mara mbili. Taifa halikumwona, na mwenye duka aliyemwona hakuwa na haja ya kusema alichokiona.

Mnataka ushahidi kwamba tatizo lilikuwa njia, si muziki? Wimbo wa Mundian To Bach Ke wa Panjabi MC ulitoka 1998 na kuzunguka kwenye harusi na kumbi za Waasia. Uliposambazwa upya kupitia njia zinazohesabiwa, Januari 2003 ukafika nambari 5 kwenye chati ya Uingereza. Lugha ilibaki Kipunjabi na wimbo ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kaunta uliyopitia.

Maonyesho si ndiyo yanayoinadi albamu? Nani atanunua albamu ya mtu asiyeonekana jukwaani?

Mwandishi wa barua hii amesoma vitabu vya kampuni kubwa, na kwa kampuni kubwa ana haki. Wao hutoa albamu, halafu huipeleka ziarani ili iuze. Southall ilifanya kinyume. Pesa ya uhakika ilikuwa kwenye harusi, ambako familia hulipa kundi kwa usiku mmoja na wageni hutunza noti juu yake. Kanda ilikuwa tangazo la harusi. Baba wa bibi arusi aliinunua, akaisikiliza garini akienda kazini, akaamua kundi lipi alipigie simu. Ukilielewa hilo, mengi yanayoshangaza yanaeleweka: kwa nini nyimbo zilipangwa kwa mfuatano wa sherehe, kwa nini bei ilikuwa ya chini, kwa nini makundi hayakulia sana kuhusu chati. Kipimo cha albamu kilikuwa daftari la miadi la msimu unaofuata.

Sisi wa pwani tusijifanye wageni katika jambo hili. Mombasa, duka la Mbwana Radio Service liliuza kanda za taarab, nyingi zikiwa zimerekodiwa kwenye harusi zenyewe, na kanda hiyo ndiyo iliyomwitia mwimbaji harusi nyingine. Marehemu Juma Bhalo, aliyetia Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi, alijulikana kutoka Lamu hadi Muscat bila chati yoyote kumtaja. Soko la kanda za harusi tunalijua. Tunalisahau tu tukishuka Heathrow.

Basi Punjabi Disco ilifeli kwa sababu haikutangazwa?

Hapa watu wawili wameniandikia kama wanaosuluhisha ugomvi, mmoja akisema ni kito kilichofichwa kwa ubaguzi, mwingine akisema ni albamu mbaya iliyookolewa na mitindo. Wote wanaruka suala la soko. Mwaka 1982 Kuljit Bhamra, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1959 na kukulia Southall, alitengeneza muziki wa albamu hii kwa sinthesaiza na mashine ya ngoma, na mama yake akaimba. Mohinder alikwisha kuwa na jina, kwani alikuwa mwimbaji wa harusi na wa nyimbo za dini, mmoja wa wanawake wa kwanza wa Kipunjabi kusimama jukwaani nchini hapa. Albamu ilichapwa nakala chache, ikapita kimya.

Kwa maoni yangu ilipita kimya kwa sababu haikuwa tangazo la kitu chochote kilichokuwepo. Kanda ya bhangra iliahidi ngoma ya dhol, watu kumi jukwaani na wazee kunyanyuka vitini. Hii iliahidi disko la Kipunjabi, na disko hilo halikuwa na ukumbi. Vijana wa Southall wangelipata jukwaa lao baadaye, kwenye dansi za mchana zilizowavuta wanafunzi kumbi kama Hammersmith Palais, lakini mwaka 1982 zilikuwa hazijashika. Unaweza kubandika mabango kutoka The Broadway hadi Hounslow. Bango halizai ukumbi.

Kuhusu ubaguzi, ulikuwepo, na anayeukana aulize kuhusu ghasia zilizotokea mitaa hii Aprili 1979 na Julai 1981. Lakini ubaguzi peke yake hauelezi kwa nini Wapunjabi wenyewe hawakuinunua albamu hii ilhali walikuwa wakinunua nyingine. Wanaoinunua leo ni watu wengine, wapenda santuri adimu na madijei, waliopatikana kupitia Naya Beat, lebo ya Los Angeles iliyoitoa upya. Hao wana ukumbi, na hawahitaji kuwa na harusi. Kuljit mwenyewe hakungoja miaka arobaini. Alirudi kwenye soko lililokuwepo, akawa prodyuza anayetegemewa na waimbaji wengi wa bhangra, na mwaka 2009 akatunukiwa nishani ya MBE.

Kuna kijana ananiahidi wasikilizaji laki moja mtandaoni kwa pauni mia mbili. Nimpe?

Usimpe. Unanunua roboti, na tangu 2024 Spotify huwatoza faini wasambazaji ambao nyimbo zao zimejaa usikilizaji bandia. Msambazaji ataikata kwako.

Na kiki? Meneja wangu anataka nitangaze ndoa ya uongo wiki ya uzinduzi.

Badilisha meneja.

Chati za sasa zinahesabu mtandao. Tatizo si limekwisha?

Limehama. Ni kweli tangu 2015 chati ya albamu ya Uingereza huingiza usikilizaji wa mtandaoni, na duka la vitambaa halina tena nguvu ya kukuficha. Lakini barua tatu nilizozikunja hapa zinatoka kwa wanamuziki wa Hayes, Hounslow na Southall wanaolalamika kwamba nyimbo zao zinapigwa salunini, mgahawani na dukani, na hawaoni senti. Tuanze na la wazi, mashirika ya Uingereza yanayokusanya mirabaha: mtunzi hujiandikisha PRS, na mwenye rekodi pamoja na waimbaji na wapigaji hujiandikisha PPL, ambako hakuna ada ya kuingia. Asiyejiandikisha asinipigie kelele. Tena kujiandikisha kwenye shirika la hakimiliki la nyumbani si sababu ya kukaa ukingoja pesa ya Uingereza ikutafute. Thibitisha kwa maandishi nani anakusanya nini na wapi.

Linalonitia wasiwasi ni la pili. Saluni hulipia leseni, lakini hakuna anayeandika kila wimbo uliopigwa pale. Sehemu kubwa ya pesa hiyo hugawanywa kwa kukadiria, kwa sampuli na kwa takwimu za vituo vya redio. Wimbo unaopigwa redioni hula pia sehemu ya pesa ya saluni ambayo haijawahi kuupiga. Hii ni mashine ya Gallup imebadili shati, bado inasikiliza pale ilipozoea kusikiliza. Mtu atasema kukadiria ni lazima, kwa kuwa gharama ya kuhesabu kila saluni ingemeza pesa yenyewe. Nakubali kuhusu gharama. Lakini kinachofuata ni kwamba redio ndogo ya jamii, yenye leseni na inayotuma orodha za nyimbo, ina thamani kwako kuliko mahojiano kumi kwenye simu ya rafiki. Omba upigwe pale. Na kila onyesho unalofanya ukumbini, peleka orodha ya nyimbo zako PRS mwenyewe. Wengi wenu hamjawahi kupeleka hata moja.

Albamu ya nini siku hizi? Si nitoe wimbo mmojammoja?

Kama hupigi harusi wala kumbi, toa mmojammoja. Anayepiga harusi anahitaji saa nzima ya muziki yenye mwanzo, kati na mwisho, ili mwenye shughuli asikie usiku wake utakavyokuwa.

Niitoe lini?

Harusi za hapa hujaa shule zikifungwa, na familia hufunga miadi miezi mingi kabla. Itoke Januari. Kama ni Mei na bado unachanganya sauti studio, ngoja mwakani.