Mbolea ya Tope la Vyoo vya Mjini

Kila mkulima ajua ya kuwa ardhi ilimwayo kila mwaka bila kutiwa mbolea hudhoofika. Tope la mifereji ya vyoo vya mjini, likichanganywa na majani na kuachwa lioze, huwa mboji nzuri, na joto la lundo huua vijidudu vingi vya maradhi. Lakini mara nyingi maji machafu ya viwanda nayo hupita katika mifereji hiyo hiyo, yakachukua chembe za zinki, shaba, risasi na kadimiamu. Madini hayo hayaozi. Lundo likipungua kwa kuoza, madini huzidi katika kila debe la mboji.

Tazameni yaliyoonekana Woburn, katika nchi ya Uingereza. Huko tope la vyoo lilitiwa katika viwanja vya majaribio tangu mwaka 1942 hata 1961, kisha likakomeshwa. Miaka zaidi ya 20 baadaye, sehemu kubwa ya madini ilikuwa ingali katika udongo wa juu. Klova, mmea wa jamii ya kunde, ulipopandwa humo ulidumaa, kwa sababu vijidudu vya mizizini vilivyosalia havikuweza tena kuupatia naitrojeni kutoka hewani.

Basi, kabla ya kupokea tope la mji wenye viwanda, ulizeni limetoka wapi na kama madini yake yamepimwa. Chokaa katika udongo mchachu hupunguza madini yaingiayo katika mimea, wala haiyaondoi. Shamba likiisha kuharibika hivyo, watoto na wajukuu ndio watakaolirithi.