Kabla Ng'ombe Hajauzwa

Kijana akipata nafasi ya chuo kikuu kupitia KUCCPS, wazazi wengi wa Molo, Subukia na Kuresoi hukimbilia kutafuta mnunuzi wa ng'ombe. Ng'ombe angoje kwanza. Huyo ndiye anayeleta pesa za maziwa kila mwezi; akishauzwa atalipa muhula mmoja, naye kijana ana miaka minne mbele yake.

Anzeni na kozi yenyewe. Hakuna daktari wala wakili asiye na shahada, lakini si kila shahada ina kazi nyuma yake. Mtafuteni mtu aliyehitimu kozi hiyohiyo miaka mitatu iliyopita, mumuulize anakula nini leo. Kama ni uhandisi, sheria au uuguzi, hakikisheni bodi ya taaluma hiyo inaitambua kozi ya chuo hicho. Na kijana anayependa nyaya na mota asione haya kusomea diploma pale Rift Valley National Polytechnic (zamani RVIST), hapahapa Nakuru. Mimi ningemshauri hivyo kuliko achukue shahada asiyoitaka, eti kwa sababu nafasi ilipatikana.

Kisha pesa. Ombeni kwanza zile zisizorudishwa. Kwenye HEF, tovuti ya serikali ya ufadhili wa elimu ya juu, ombi moja hushughulikia ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB. Jazeni mkiwa pamoja, kwa sababu kijana mara nyingi hajui mapato ya nyumbani, na majibu hayo ndiyo yanayompanga katika kundi moja kati ya matano. Chukueni mfano wa kozi ya Sh 240,000 kwa mwaka. Kwa mgao wa kundi la tatu, ufadhili ni asilimia 50, mkopo 30, nanyi mnabaki na 20, yaani Sh 48,000. Kundi la tano linaiachia familia asilimia 40: Sh 96,000. Mkiona mmewekwa kundi lisilowafaa, kateni rufaa mapema, na vyeti mkononi. Viwango hubadilika, na mfumo huu umewahi kufikishwa mahakamani, kwa hivyo thibitisheni vya mwaka wenu.

Chuo binafsi kama Kabarak kina hesabu yake: mkopo wa HELB mnaweza kuomba, lakini ufadhili huo msiutegemee.

Basari ya NG-CDF haitoshi karo, ila huziba pengo. Hundi huandikwa kwa jina la chuo, basi nambari ya usajili ikikosewa hata tarakimu moja, pesa zinaweza kufika chuoni zisionekane kwa jina la mtoto wenu. Kijana aende ofisi ya fedha akaulize.

Gharama inayowashtua wengi ni malazi. Anayeenda Egerton, pale Njoro, aombe bweni mara tu maombi yanapofunguliwa. Akichelewa atapanga chumba nje ya chuo, kule Njokerio, anunue gesi, godoro na sufuria wiki hiyohiyo.

Mkopo nao ni deni. Katika mfano wetu, Sh 72,000 kwa miaka minne ni Sh 288,000, bila pesa za matumizi wala riba ya asilimia 4. HELB hutarajia malipo yaanze mwaka mmoja baada ya masomo, na anayenyamaza hutozwa faini ya Sh 5,000 kila mwezi. Kijana asome masharti hayo mwenyewe kabla ya kuyakubali, na akimaliza chuo bila kazi, awaandikie HELB kabla wao hawajamtafuta.