Mweka hazina wa chama: panga tarehe, namba za simu na pesa kabla ya kubandika

Je, wewe hunakili malipo ya chama kutoka kwa taarifa yako ya miamala hadi Google Sheets? Kuna makosa matatu yanayoweza kukugombanisha na wanachama hata kama hakuna aliyekula pesa.

Tarehe. Lahajedwali ikiwa imewekwa Marekani, 03/04/2025 itasomwa 4 Machi, si 3 Aprili. Mchango wa Aprili unaonekana haujaingia, na mtu anapigwa faini bure. Dalili yake: tarehe kama 25/04/2025 zinakaa upande wa kushoto wa kisanduku, zingine kulia.

Namba ya simu. Sifuri ya mwanzo inapotea. 07 inabaki 7.

Pesa. Ukiandika "Ksh 1,500" kwa mkono, hayo ni maneno, si namba. Ukijumlisha kwa SUM, hiyo 1,500 haihesabiwi.

Fanya hivi, kwa kompyuta:

1. Fungua lahajedwali mpya. Bonyeza File, Settings, kisha kwenye Locale uchague United Kingdom. Huko, kama kwetu, siku hutangulia mwezi.

2. Bonyeza Extensions, halafu Apps Script. Futa kilichomo, uandike:

```
function pangaChama() {
  var s = SpreadsheetApp.getActiveSheet();
  s.getRange("A2:A").setNumberFormat("dd mmm yyyy");
  s.getRange("B2:B").setNumberFormat("@");
  s.getRange("C2:C").setNumberFormat('"Ksh "#,##0.00');
}
```

3. Hifadhi, kisha bonyeza Run. Mara ya kwanza utaombwa ruhusa. Ruhusu tu msimbo unaoelewa unachofanya.

4. Sasa bandika kwa Ctrl+Shift+V: tarehe safu ya A, simu B, pesa C. Pesa ziwe tarakimu tupu. "Ksh" itajitokeza yenyewe.

Maana yake: "mmm" huandika mwezi kwa herufi, kwa hivyo utaona 03 Apr 2025 na hakuna wa kubishana. "@" huambia kisanduku kitunze kila kitu jinsi kilivyoandikwa, sifuri ikiwemo. "#,##0.00" huweka koma kwenye maelfu na tarakimu mbili za senti mwishoni.

Kumbuka, msimbo huu hubadilisha sura tu. Tarehe iliyokwisha kusomwa vibaya itabaki mbaya, ila sasa imevaa nguo nzuri. Sifuri iliyopotea pia hairudi. Ndiyo maana tunapanga kwanza, tunabandika baadaye.

Kabla ya mkutano, hakikisha jumla ya safu ya C inalingana na ile ya malipo kwenye taarifa yako. Kisha chagua malipo mawili ya kati ya tarehe 1 na 12, uyalinganishe na SMS zake. Siku hizo ndizo hukosewa bila dalili yoyote.

Na ukishiriki lahajedwali, wape wanachama ruhusa ya kusoma tu. PIN yako usiiandike humo kamwe.