Kuweka Nakala za Akiba za Mafaili ya Kompyuta

Na Katibu wa Chama cha Historia, Kidato cha Nne

Katika toleo la muhula uliopita wasomaji walisoma habari za Chama chetu cha Historia, jinsi wanachama walivyokwenda vijijini wakati wa likizo kurekodi maneno ya wazee. Mhariri ameniomba nieleze sasa jinsi baadhi ya sauti zile zilivyopotea, na jinsi tunavyozilinda zilizobaki. Nimekubali, maana mimi ndiye niliyezipoteza.

Mambo yenyewe ni haya. Tulikuwa na sauti 26, zote zimo katika folda moja kwenye kompyuta namba 7. Mwalimu wa Historia alizirekodi kwa simu yake, akazitia katika kompyuta, kisha akazifuta katika simu ili apate nafasi. Siku moja mwezi wa Machi niliagizwa nizitie katika flashi nizipeleke ofisi ya walimu. Badala ya kubonyeza Ctrl na C, ambayo ndiyo kunakili, nilibonyeza Ctrl na X, ambayo ni kuhamisha. Sikutambua. Na jambo ambalo sikulijua wakati ule ni kwamba faili likihamishwa kutoka diski ya kompyuta kwenda katika flashi, kompyuta hulifuta mahali lilipotoka, wala haliendi katika pipa la taka ambako lingeweza kuokotwa.

Flashi ile ilipita katika kompyuta tatu kabla ya jioni. Mojawapo ilikuwa na kirusi kile ambacho kila mwanafunzi hapa anakijua, kinachoficha folda na kuweka mahali pake njia za mkato zisizofunguka. Mwenzangu alipoiona flashi imeharibika aliniuliza kama aifomati. Nilimjibu, "Fomati tu, nakala iko namba 7." Akaifomati, kisha akatia humo maswali ya mtihani wa majaribio pamoja na picha za michezo.

Kesho yake nilifungua kompyuta namba 7, nikaikuta folda haimo. Nilikwenda kwa Mwalimu wa Kompyuta nikiwa natetemeka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona hivyo? Nani amekufa?"

Nilipomweleza hakunigombeza. Alisema kwamba kirusi kile huficha tu, hakiharibu. Mafaili yetu yalikuwamo katika flashi mpaka tulipoifomati. Aliongeza kwamba fomati ya haraka hufuta orodha ya mafaili tu, na mafaili yenyewe hukaa mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Basi, pale tulipotia maswali na picha ndipo palipoharibika. Kwa programu ya kuokoa mafaili alifanikiwa kurudisha sauti 17. Tisa zilikwenda. Wazee wanane kati ya hao tisa tuliweza kuwarudia. Mmoja, aliyetueleza habari za mashamba ya katani alikofanya kazi ujana wake, alifariki mwezi wa Aprili kabla hatujamfikia.

Sasa nieleze tulichojifunza. Nakala ya akiba ni nakala ya pili ya faili, iliyowekwa mahali pengine, ambayo hubaki salama ile ya kwanza ikiharibika. Kwa hiyo faili lililo katika flashi peke yake si akiba, hata kama flashi ni mpya na imefungiwa kabatini. Vilevile folda mbili katika diski moja si akiba, kwa sababu diski ikifa zote mbili zimekufa.

Kuna kosa jingine linalowapata hata watu wenye elimu kubwa kuliko sisi, nalo ni kudhani kwamba kulinganisha folda mbili ni sawa na kuweka akiba. Katika Windows kuna programu iitwayo Robocopy. Ukiipa amri ya /MIR, huifanya folda ya pili iwe sawasawa na ya kwanza. Maana yake, ukifuta faili katika ya kwanza, nayo ikaendeshwa tena, italifuta na katika ya pili. Na ukikosea ukataja folda tupu kwanza na folda iliyojaa baadaye, itaifuta ile iliyojaa mpaka nazo ziwe sawa, yaani tupu zote mbili. Programu ya kweli ya akiba huweka matoleo ya zamani pia, ili mtu aweze kusema: nipe faili hili kama lilivyokuwa Jumanne iliyopita.

Wengi watauliza, je, kila siku tutanakili mafaili yote upya? Hapana. Programu hutazama ukubwa wa kila faili na tarehe lilipobadilishwa mwisho, ikachukua yale tu yaliyobadilika. Ziko njia tatu, na nitazieleza kwa hesabu. Tuseme folda ina megabaiti 8,000 siku ya Jumapili, na kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa tunaongeza mafaili mapya ya megabaiti 200.

Tukiweka nakala kamili kila siku, tutaandika 8,000, kisha 8,200, na kuendelea hadi 9,000 siku ya Ijumaa. Jumla yake ni megabaiti 51,000. Diski yetu itajaa upesi. Njia ya pili ni nakala ya nyongeza: Jumapili nakala kamili, kisha kila siku yale tu yaliyobadilika tangu nakala ya jana. Jumla ni 9,000 tu. Lakini diski ikifa Jumamosi, sharti tuwe na vipande vyote sita ili kurudisha kazi. Kipande cha Jumatano kikiharibika, kazi ya Jumatano haipatikani, na programu nyingine hukataa hata kuendelea na vipande vya siku zinazofuata. Njia ya tatu ni nakala ya tofauti, ambayo kila siku huchukua yote yaliyobadilika tangu Jumapili: 200, 400, 600, 800, 1,000. Jumla pamoja na nakala kamili ni 11,000. Hiyo inakula nafasi zaidi kidogo, lakini kurudisha kunahitaji vipande viwili tu, cha Jumapili na cha mwisho. Mimi nimeipenda hiyo ya tatu. Mwalimu huipenda ya pili, nasi tumebishana sana bila ya mmoja kumshinda mwenzake.

Kwa kazi za kila siku tunatumia programu iliyomo ndani ya Windows yenyewe, File History, ambayo ilianza na Windows 8 mwaka 2012. Huhitaji diski ya nje. Ukiiwasha, kila saa moja hutazama mafaili yaliyobadilika na kuyanakili, na katika jina la kila nakala hutia tarehe na saa. Tahadhari moja: kwa kawaida huchukua folda zile tu zinazojulikana, kama za hati, picha na muziki. Folda yetu ya Historia ilikuwa nje ya hizo. Kama tungaliwasha programu tukaenda kulala, isingalituokoa hata kidogo. Tulilazimika kuihamishia katika folda ya hati kwanza (safari hii Mwalimu alisimama nyuma yangu akitazama vidole vyangu).

Iko kanuni iliyoenezwa na Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, nayo ni tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine mbali. Mtu anaweza kuiona kuwa ni woga uliozidi. Lakini mwezi wa Mei mwaka 2017 programu mbaya iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150, ikayafunga mafaili ya watu kwa maandishi ya siri na kudai fedha; hata hospitali za Uingereza zilikwama. Uovu wa namna hii waweza kufunga pia diski ya akiba ikiwa imechomekwa katika kompyuta wakati huo. Radi nayo haichagui. Kwa sababu hiyo shule yetu sasa ina diski mbili za nje. Moja huchomekwa katika chumba cha kompyuta, nyingine hukaa nyumbani kwa Mwalimu, na kila Ijumaa hubadilishana.

Hata hivyo diski mbili hazitoshi kama hakuna anayezijaribu. Mwaka 1998, katika studio ya Pixar huko California, mtu mmoja alitoa amri ya kufuta katika mitambo iliyohifadhi filamu ya Toy Story 2, na sehemu kubwa ya kazi ikatoweka. Walipoiendea akiba yao waliikuta haifanyi kazi vizuri, wala hawakuwa wamejua. Waliokolewa na bahati: Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi, alikuwa amejifungua karibuni na alifanyia kazi nyumbani, na kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Waliifuata kwa gari wakaileta ofisini kwa uangalifu mkubwa. Filamu ilitoka mwaka 1999.

Sisi hatuna bahati ya namna hiyo ya kutegemea, kwa hiyo kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi tunapiga kura ya mafaili matatu. Tunayarudisha kutoka diski ya akiba hadi kompyuta nyingine kabisa, tunayafungua, nasi tunayasikiliza mpaka mwisho, si mwanzo tu. Mwezi wa Julai faili moja lilikatika dakika ya kumi na moja. Tuliposikiliza lile la asili tuliona nalo linakatika papo hapo. Kumbe kosa lilikuwa katika kunakili toka simu. Kwa kuwa Mwalimu wa Historia sasa hafuti kitu katika simu kabla ya majaribio haya, tulilipata zima.

Sauti ya yule mzee wa katani hatukuipata. Binti yake amekubali kutueleza anayoyakumbuka katika maneno ya baba yake, naye ametutaka tuje baada ya mavuno. Sisi wa Kidato cha Nne tutakuwa katika mitihani wakati huo, basi watakwenda wenzetu wa Kidato cha Tatu, nami nimewaandikia kwa mkono, katika karatasi, maswali ya kumwuliza.