Simu Inachaji Lakini Kompyuta Haioni Mafaili? Anza Hapa

Tuseme wewe ni mweka hazina wa chama. Mkutano ni kesho, taarifa ya miamala ya miezi sita iko kwa simu, na wanachama wanataka kuiona ikiwa imechapishwa. Unachomeka simu kwa kompyuta, chaji inaingia vizuri, lakini mafaili hayaonekani popote. Kabla hujamwachia mtu mwingine simu yako akusaidie, fuata hatua hizi kwa mpangilio. Mara nyingi shida huisha kabla hujafika ya mwisho.

1. Kagua kebo

Si kila kebo inayochaji simu inaweza kupitisha mafaili. Ndani ya kebo kamili ya USB kuna nyaya za umeme na nyaya za data, lakini kuna kebo za bei rahisi ambazo zina nyaya za umeme pekee. Jaribu kebo iliyokuja na simu, ama azima nyingine. Kama ni kompyuta ya mezani, badilisha pia poti. Tumia zile za nyuma.

2. Fungua simu na uipe ruhusa

Simu nyingi za Android zikichomekwa huanza kwa kuchaji tu. Huo ni ulinzi, si hitilafu. Fungua skrini, vuta arifa kutoka juu, gusa ile ya USB, kisha uchague "File transfer". iPhone nayo itakuuliza kama unaiamini kompyuta hiyo. Ukikubali, itataka namba ya kufungua simu. Hiyo si PIN yako ya pesa, kwa hivyo usichanganye hizo mbili.

3. Zima, washa

Chomoa kebo, zima simu na kompyuta, ziwashe, halafu uchomeke tena. Kama unatumia Mac na simu ya Android, huenda ukahitaji programu ya ziada ndiyo mafaili yaonekane.

4. Wachana na kebo

Taarifa ya miamala ni faili ndogo. Jitumie kwa barua pepe, uifungue kwa kompyuta. Kama simu ni ya Android na kompyuta ina Bluetooth, hiyo pia inatosha, na haili bando.

Je, kompyuta si yako?

Hapa ndipo tunakuomba uwe makini zaidi. Ukiruhusu kuhamisha mafaili, kompyuta haioni taarifa moja pekee. Inaweza kusoma picha zako, ikiwemo ile ya kitambulisho uliyopiga mwaka jana, pamoja na kila kitu ulichopakua. Kwa hivyo ukiwa kwa saiba, ni heri utume faili moja unayotaka kuchapisha kuliko kufungua simu nzima. Ukimaliza, toka kwenye barua pepe yako, futa faili uliyopakua, na umwage pia pipa la taka la kompyuta.

Mambo mengine mawili. Mtu akikuambia uwashe "USB debugging" ndiyo simu ionekane, kataa. Kuhamisha faili hakuhitaji hiyo. Na mtu akikupigia akidai ni wa huduma kwa wateja, kisha akuambie upakue programu ya kumwezesha kuona skrini yako "akurekebishie", kata simu. Akiona skrini, anaweza kusoma meseji zako, pamoja na namba za uthibitisho zinazotumwa kwako.

Kumbuka: katika hatua zote hapa juu, hakuna hata moja inayohitaji PIN yako ya pesa. Yeyote anayeiomba ili "kuunganisha simu na kompyuta" hatengenezi simu, anatafuta pesa zako.